Bei ya kupikia eti inaanzia yuniti ya 81

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka kumi na moja na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari ya serikali za nje kulipa watu wang'oe gesi waweke umeme imenishinda kunyamaza. Uingereza ukitoa boila ya gesi ukaweka pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba, unasaidiwa pauni 7,500, Marekani sheria ya 2022 iliweka mpaka dola 840 za jiko la umeme kwa wenye kipato kidogo. Hongera zao. Halafu mwandishi wenu anamalizia eti Uganda nasi tumo kwa sababu tuna bei nafuu ya umeme wa kupikia. Bei gani hiyo jamani?

Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, ukifika ya 16 unalipa mia saba na kitu mpaka umalize ya 80, ndipo 81 mpaka 150 inashuka 412, na hiyo ndiyo wanaita bei ya kupikia. Sasa huko 81 anafika nani? Mwenye friji na hita. Mimi nina balbu mbili na redio.

Naishi Jinja, bwawa la umeme la Nalubaale liko pale chini tangu 1954, Bujagali nayo ipo, Karuma wakaizindua 2024 megawati 600, tunaambiwa umeme upo pikieni. Nikasikia. Ramadhani iliyopita nikachukua pesa zangu za chama nikanunua presha kuka ya umeme, nikabandika maharage, futari imekaribia swichi kubwa ikaruka, mizigo yote minane, yaani vyumba vyetu vya kupanga, giza, watoto wanalia, jirani anaapa ni mimi, na landilodi huyoo na tochi anauliza nani anapika na stima yake. Yake! Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ni moja, sisi anatuuzia yuniti moja shilingi 1,000 kwa vimita vidogo, na kwa kuwa tuko vyumba vinane tunavuka 80 mapema tu, kwa hiyo hiyo 412 yenu anakula yeye na mimi nimekatazwa kupika. Kuka iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa, nimerudi kwenye sigiri ya makaa. Waya za nyumba ile nyembamba kama uzi, nani atalipa zibadilishwe, maana pauni 7,500 hazifiki huku.

Na nguzo nyuma ya choo imeinama tangu mwaka jana, tumeifunga kamba kwenye mfenesi, tukiwapigia simu watu wa umeme wanatupa namba ya malalamiko. Namba ninazo nne.

Basi bei ya kupikia ianzie yuniti ya 16, na kila mpangaji apewe Yaka yake. Kama hilo gumu, aliyechagua 81 aje akae chumba namba sita, kiko wazi, Ramadhani nzima, na kuka yake. Maharage nitamnunulia mimi.

Mpangaji,
Walukuba, Jinja