Shukrani kwa mzee wa treni, Stuttgart

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulipata, ila kazi yako nataka watu waijue. Mwanangu alizawadiwa injini ya treni ya kuchezea ya mfumo wa reli mbili (umeme huingilia reli moja na kurudia nyingine), na njia yetu nyumbani ni ya Märklin, kampuni ya Ujerumani ya treni za kuchezea, ile ambayo umeme huingilia kwenye vidoto vya chuma vya katikati ya reli na kurudia kwenye reli zote mbili. Injini haikutikisika. Dukani wakaniambia ninunue nyingine tu.

Wewe, pale kwenye soko la treni za mitumba, uliifungua papo hapo. Ukapima kwa mita kuhakikisha mota haigusi fremu. Ukaunganisha nyaya za magurudumu ya kushoto na kulia, ukafunga kibati cha kuchukulia umeme tumboni, ukachoma solda: waya mwekundu wa dekoda (kifaa kidogo ndani ya injini kinachopokea amri na kuendesha mota) kwenye kibati, mweusi kwenye magurudumu. Kisha (hili ndilo lililonigusa) ukampa mtoto bisibisi akaze skrubu ya mwisho mwenyewe. Ulichukua bei ya kibati tu.

Mafundi mnaosoma, mtoto akiwaletea injini iliyokufa, fungueni kifuniko naye aone. Na anayemjua mzee huyu amfikishie salamu: inavuta mabehewa yote, hata mlimani.