Somo yangu, miwani haina kosa

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nimekaa kitako na redio nimeizima, maana nikisikiliza huku nakuna nazi naambulia nusu. Naona nawe umefika hapo.

Unasema umebadili miwani tena na mistari ya gazeti bado inapandana. Tena kwenye kikao cha ukoo ulianza kusema jambo, likakupotea katikati, wifi yako akacheka. Sasa unaniuliza kama ndiyo akili inakuruka. Hapana, somo. Ni Parkinson yetu ile ile, ugonjwa wa mkono kutetemeka, umegusa na macho na fikra.

Watu wanautazama mkono unaotetemeka tu. Hata yule daktari wa London, James Parkinson, alipouandika mwaka 1817 alisema fahamu na akili za mgonjwa hazidhuriki. Sishangai, wagonjwa wake wengine aliwaona wakipita barabarani tu. Siku hizi inajulikana kwamba dopamini, ile kemikali ya kupeleka ujumbe inayotupungua ubongoni, inafanya kazi hata ndani ya jicho, kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, ndiyo inayosaidia kutenganisha kitu na kilicho nyuma yake. Mpima miwani anakuonyesha herufi nyeusi tii kwenye ubao mweupe, unazisoma, anakwambia macho mazima. Ukirudi nyumbani wali mweupe kwenye sahani nyeupe huoni unaishia wapi. Mimi sahani nyeupe nimewaachia wageni.

Kuhusu mistari kupandana, shika gazeti kisha funika jicho moja kwa kiganja. Herufi zikitulia, basi shida ni macho mawili kushindwa kukutana kwenye kitu cha karibu. Mwambie daktari wa macho hivyo hivyo, kwamba ukifunika moja zinatulia, kwa sababu kipimo cha kawaida hakilioni hilo, na kuna vioo vya prizima, vya kupindisha mwanga, vinavyoweza kusaidia. Mimi msahafu nausoma nimeziba jicho la kushoto, na kipande cha karatasi nyeusi chini ya mstari. Mbele ya watu naona haya kidogo, lakini nasoma. Na hiyo miwani yako ya sehemu mbili uivue unaposhuka ngazi. Ukitazama chini unapitia kioo cha kusomea, kidato kinafifia, unaanguka. Afadhali miwani miwili, ya kusomea na ya kutembelea.

Macho kuwasha ni kwa sababu tunapepesa kope kwa nadra. Jicho linakauka, halafu likikauka ndiyo linamwaga machozi, ajabu hiyo. Duka la dawa wana matone ya machozi ya bandia. Usitie asali, hata jirani akiapa. Na usimsingizie Parkinson kila kitu, kwa umri wetu mtoto wa jicho na presha ya macho vipo, upimwe navyo.

Kilichonishtua ni kusikia unameza Artane pamoja na levodopa, ile dawa yetu inayogeuka dopamini ubongoni. Artane inapunguza kutetemeka, sawa, lakini inafifisha kuona kwa karibu, na kwa watu wazima kama sisi inavuruga kumbukumbu na umakini. Mwenye aina fulani ya presha ya macho inaweza kumdhuru vibaya. Muulize daktari kama bado unaihitaji, na daktari wa macho naye ajue unaitumia. Usiache mwenyewe, nakusihi, dawa hizi zikikatwa ghafla zinaleta balaa. Levodopa nayo uimeze kama nusu saa kabla ya kula, kwani nyama na maharage vinashindana nayo kuingia mwilini. Kama tumbo linachafuka, tafuna biskuti kavu.

Sasa hizo fikra zinazopotea. Zamani miguu ilijiendea yenyewe, sasa kila hatua inataka akili, na maongezi yanaitaka akili hiyo hiyo. Nikikutana na mtu sokoni nasimama kwanza, naegemea meza ya muuza nyanya, ndipo naitikia salamu. Wapo wanaosema naringa. Waseme. Hesabu za kikoba bado nazishika mimi. Nafanya dawa ikiwa imekolea, mlango nimeufunga, simu nimeiacha sebuleni. Noti za elfu kumi kwanza, naandika, nazifunga mpira, ndipo za elfu tano. Mtu akichungulia kuuliza funguo ziko wapi, naanza upya. Binti yangu alitaka nimwachie kazi hiyo, nimemkatalia. Huenda siku ikafika, lakini si leo. Na wifi yako umwambie akusubiri, neno huwa linakuja kama hakuna anayekumalizia sentensi.

Lile ulilolisema kwa kunong'ona, la khanga kwenye msumari kugeuka mtu aliyesimama, nami linanipata, hasa magharibi. Si majini, somo, usiende kutazamiwa. Wenye ugonjwa huu wengi yanawatokea, na dawa nazo zinachangia. Mimi nawasha taa, nasogea, naishika khanga yangu. Lakini daktari lazima umwambie, hasa ukianza kuona watu mahali ambapo hapana khanga wala chochote. Mume wako naye umwambie. Wifi si lazima.

Kabla ya kwenda kliniki andika maswali kwa kalamu nene, kila swali mstari wake, umpe mwanao ashike karatasi, kwani ukikaa mbele ya daktari yote yanayeyuka. Kisha nipigie unieleze alichosema kuhusu hiyo Artane. Usipige asubuhi mapema, dawa inakuwa haijakolea, tutaishia kuitana "haloo" tu.

Nisalimie wote hapo.

Ni mimi somo yako