Mutuulize tunafanyaka nini ku nyumba

Bwana Mhariri, jambo.

Mimi ni mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, niko na mutoto SS (ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, selimundu) wa myaka 9, na kuko neno moja inanikwama mu koo tangu mwezi wa 6. Siku ile tulikuwa ku lopitali moja (jina naiacha), mutoto analia magoti na mugongo, ile baridi ya asubuhi munaijua wenyewe, basi nikatoa mu kitunga soksi ya baba yake imejaa muchanga wa moto nikaiweka ku goti. Munganga wa zamu akainyanganya, akaishika na vidole viwili sawa vile mutu anashika panya ya kufa, akauliza mbele ya kila mutu: "Mama, hii tena fetishi gani?" Pavio nzima wakacheka. Na miye nikacheka nao, haya ilinizidi.

Ile soksi haina fetishi. Ni muchanga wa mafundi wa kujenga, ulibaki ku lupango ya jirani, nikauchunga na chekecheke ya unga, nikauosha, nikauanika ku jua mpaka ukauke kabisa, na siku ya crise, pale maumivu inapanda, naukaanga kidogo ku mbabula, jiko ya makala, mu sufuria ya zamani, natia mu soksi moja, ile soksi nayo naitia mu ingine, nafunga kifundo, kisha naiweka kwanza ku shavu yangu mwenyewe nahesabu mpaka 20. Ikinichoma inangoja. Hakuna mutu alinifundisha, ni usiku umeme ulienda, bouillotte, ule mufuko wa maji ya moto, ilishatoboka, mutoto analia, utafanya nini? Wenye SS damu yao inajikunja sawa mundu, baridi ikiingia mishipa inajikaza na ile mundu inakwama njiani, njo pale maumivu inatokea. Joto inasaidia. Munganga anajua ile kuniliko, lakini yeye aliona soksi tu.

Sisi garde-malade, walinzi wa wagonjwa, wenye kulala ku mukeka chini ya kitanda na kukimbia kila saa ku farmasi, tuko na vitu vingi vya namna hii na hatuvisemake. Mutoto wangu anapaswa kunywa sana, maji anakataa, lakini munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ya siku ile ile, ile haijakaa ikachacha, anakunywa, kwa hiyo nilifunga papier collant ku chupa yake ya masomo, mustari wa kwanza uishe kwa rekreasio, wa pili kabla ya kurudi nyumba. Kumbe tabu ingine: wenye SS figo zao hazishike maji vizuri, wanakojoa kila mara, na mwalimu alikuwa anamukatalia kutoka. Tulipatana, akivaa bracelet nyekundu anatoka bila kuomba ruhusa. Watoto wengine sasa nao wanataka bracelet.

Lakini kile najivunia zaidi ni kaye. Mwaka moja malaria ilishusha emoglobini yake mpaka 4, tukazunguka muji usiku mu taksi kutafuta damu, yeye ni O pozitifu, anapokea tu O, na watu tulikuwa tunaamusha mu usingizi, huyu ni A, huyu AB, huyu alitoa wiki ilipita. Tangu pale nilinunua kaye ya mistari, nikaandika jamaa, watu wa korali, vijana wa mupira wa avenue yetu: jina, grupu ya damu, namba ya simu, na siku ya mwisho alitoa. Mwanaume anapumzika miezi 3, mwanamuke 4, basi kwa biki nyekundu naandika mwezi gani atakuwa tayari tena. Niko na watu 23, O ni 11. Wawili wanaogopa sindano, sijawafuta, mutu anaweza kubadilika. Laboratware inapimaka kwanza kila damu, ukimwi, hepatite, kaswende, ile kazi si yangu, yangu ni mutu kufika. Kijana moja wa laboratware aliomba apige picha ya kaye, akaionyesha wamama wengine, leo tuko wamama wanne na tunakopeshana watu sawa vile watu wa likelemba wanapeana makuta kwa zamu. Huyu kijana hakucheka. Alikaa ku chini na miye dakika kumi, basi.

Lakini nisijisifu sana. Mu mwezi wa 7 jirani yangu, mama kijana, mutoto wake naye SS, aliniuliza kupitia lupango namna gani ninafanyaka na joto, nami nilikuwa natoka mbio kwenda soko, nikamujibu tu "weka kitu ya moto pale anaumwa". Sikumuambia habari ya shavu. Hakuwa na muchanga, akatwaa chupa ya plastiki, akatia maji yenye yanatokota, chupa ikalegea, kifuniko ikaachia, maji ikamwangukia mutoto ku kifundo cha muguu. Kisha akaficha. Siku 5 nzima anapakaa dawa ya meno, na alipotoka kulia njo aliniambia sababu: alikuwa mu pavio siku ile walinicheka. Wakati walimufikisha, kidonda kilikuwa kinanuka, na kwa SS kidonda cha karibu na kifundo kinakawiaka sana kupona. Mwezi wa 10 huu bado anafungwa bande. Nusu ya kosa ni yangu, nilitoa maneno nusu, na nimemuambia. Ile nusu ingine sijui nimupelekee nani.

Baba moja wa avenue yetu, mwalimu wa zamani, iko na sukari. Insulini yake anaiweka mu chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati muchanga wenye maji, juu kitambaa cha maji, na ile maji ikikauka inaondoka na joto. Tia mukono ndani na hii jua ya mwezi wa 10, utashangaa. Myaka mbili munganga anamuuliza "frigo iko?" na yeye anajibu "iko". Frigo gani! Na jibu nzuri ilikuwako: mwaka 2021 shirika ya baganga Médecins Sans Frontières pamoja na chuo kikuu cha Geneva walionyesha, kuanzia kazi yao mu kambi ya Dagahaley kule Kenya, kama insulini inavumilia joto ya kupanda na kushuka kati ya digri 25 na 37 kwa wiki 4. Munganga angemuambia asipitishe zile wiki 4, na angeandika siku ya kufungua ku chupa. Lakini mutu akisema iko na frigo, utamushauri nini?

Sisemi baganga wote ni wabaya, usiku munganga moja iko na vitanda vingi kuliko vidole vyake, naona na macho. Nasema tu inawezekana. Kule Jamaica baganga wa SS walifundisha wamama kupapasa tumbo ya mutoto upande wa kushoto chini ya mbavu, kuangalia kama wengu, ile baganga wanaita rate, imevimba gafula, juu inaweza kukamata damu na kuua mutoto mu masaa machache. Vifo vya namna ile vikapunguka sana, matokeo ilitoka mu 1985. Mikono ya wamama, bila mashini. Na John Holter, fundi wa mashini wa Marekani, mutoto wake alizaliwa na maji mu kichwa, mu 1956 akatengeneza vali ya silikoni ya kutelemusha yale maji. Daktari Eugene Spitz, mwenye alikuwa anatunza ule mutoto, hakumuambia arudi ku mashini zake, walifanya kazi pamoja, na vali ikaitwa kwa majina ya wote wawili.

Naomba nini basi? Ku fishi ya mugonjwa, pale wanaandikaka uzito na joto, waongeze mustari moja: ku nyumba munafanyaka nini? Na mwenye kuuliza angoje jibu, asiangalie saa. Kama kitu ni kibaya aseme kibaya na atuelezee, sisi si watoto, kile hatuwezi ni kuchekwa. Na wewe Bwana Mhariri, gazeti yako haiwezi kutupatia kipande kidogo kila wiki, wenye wagonjwa watume vile wanafanya, na munganga moja ajibu pale pale chini?

Kwa wamama wa SS wanasoma leo, mukiwa bado munangoja: hapana chupa ya plastiki, hata siku moja. Muchanga wa kukauka, soksi mbili, na shavu yako kwanza, mpaka 20.

Mama SS
Katuba, Lubumbashi