Mama, Ungeniambia

Leicester, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, baba mtoto anakusalimu. Mimba imeingia wiki ya 33 na mtoto anacheza mno, hasa nikilalia ubavu wa kushoto. Laki nne za bati nilimtumia Kaka Jumatatu, muulize.

Sasa nina neno, limenikaa kooni tangu Kaka aliponipigia. Siku ya kwanza kliniki mkunga aliniuliza kama mzazi wangu au ndugu wa tumbo moja ana kisukari. Nikamjibu hapana, tena bila kusita. Kumbe huu ni mwaka wa pili unameza vidonge, umevificha kwenye kopo la hiliki! Na Shangazi wa Pongwe anajua. Yeye ajue, mimi mwanao wa kumzaa nisijue? Bahati hapa wanaangalia na asili ya mtu, wakanipima hivyo hivyo wiki ya 26. Nilikwenda sijala, nikanywa maji ya glukosi gramu 75, nikakaa saa mbili. Kabla ya kunywa sukari ya damu ilikuwa 5.8, baadaye 9.1. Kisukari cha mimba.

Halafu nasikia Shangazi huyo huyo kwenye shughuli ya kina Mwanaidi anasema nimekipata kwa vyakula vya Kizungu, na sindano zitamdhuru mtoto. Mweleze wewe, maana nikimpigia mimi tutavunjiana heshima. Kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini ya mama, ile inayoshusha sukari, kufanya kazi yake sawasawa. Kongosho likishindwa kuongeza nyingine, sukari inapanda. Sukari inavuka kwa mtoto, inamnenepesha kupita kiasi, na akishazaliwa yake inaweza kushuka ghafla. Insulini ninayojidunga haivuki kwenda kwake. Sindano hiyo ndiyo inayomlinda.

Na nimeiweza, Mama! Nachoma kidole mara nne kwa siku: asubuhi kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kila mlo iwe chini ya 7.8. Uji wa sembe ulionisisitizia ulinipeleka 9.4. Nililia jikoni siku ile, maana ule uji ndio uliokuwa unaniletea harufu ya nyumbani. Siku hizi ni mayai mawili, parachichi na kipande kimoja cha mkate wa ngano isiyokobolewa: 6.5. Wali siuachi, ila nachota kidogo, maharage na samaki ndiyo yanajaza sahani, kisha natoka kutembea dakika 20 hata kukiwa na baridi. Ya asubuhi tu ndiyo iligoma, 5.7, 5.9, ndipo wakanipa sindano ya kulalia. Leo 4.8! Wiki nzima hakuna namba iliyovuka mpaka, na daktari amelisifu daftari langu mbele ya wenzake. Mtoto naye uzito wake ni wa kawaida.

Mbaazi za nazi nazipika, lakini tui ni la kopo, halifanani na lako. Mahamri nimeyaacha hadi nijifungue.

Usiku namkumbuka Bibi. Nilikuwa darasa la tano alipokatwa mguu. Naye alikificha kidonda ndani ya kanga mpaka kikanuka, na sote tulikuwa nyumba moja naye. Nilipoambiwa habari ya kopo la hiliki nilimwona yeye.

Yangu huenda ikaondoka nikijifungua, ingawa nitapimwa tena baada ya wiki chache, kisha kila mwaka, kwa kuwa aliyepata hii yuko karibu na ile ya kudumu. Yako ni ya kukaa nayo. Kesho natuma laki moja ya kipimo na vijiti vyake, Kaka asiiguse. Ukishakipata, chukua damu asubuhi kabla ya chai unipigie unitajie namba. Nami nitakutajia yangu.

Mwanao akupendaye,
Mama Kijacho