Asilimia ya chanjo iulizwe kabla ya kuchapwa

Mhariri,

Kurasa zenu za afya huandika mara kwa mara kwamba chanjo fulani imepunguza vifo kwa asilimia kadhaa. Nyingi ya tarakimu hizo hazitoki kwenye majaribio ya kugawa watu kwa bahati nasibu. Hutoka kwenye kumbukumbu za hospitali, na humo watu walijiamulia wenyewe kuchanjwa au kutochanjwa. Tunaomba mwandishi aulize kwanza: je, pengo la vifo kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa lilikuwepo hata wakati ambapo chanjo haikuwa na kazi ya kufanya?

Watafiti wa Seattle, Marekani, walilijibu swali hili mwaka 2006 kwa kumbukumbu za wazee 72,527 wa miaka 65 na kuendelea, katika misimu 8 ya homa ya mafua. Wakati wa msimu, hatari ya kufa kwa waliochanjwa ilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Inapendeza, ila kabla ya msimu, virusi bado havijasambaa, upungufu ulikuwa asilimia 61! Baada ya msimu ukashuka hadi 26. Chanjo ya mafua haizuii kifo cha mafua ambayo hayajafika. Mzee aliye hoi hapelekwi kuchanjwa, na akifa baada ya wiki chache anahesabiwa upande wa wasiochanjwa. Kurekebisha hesabu kwa magonjwa yaliyoandikwa kwenye faili hakukuondoa kasoro hiyo: faili hutaja kisukari na moyo, lakini mara chache husema kama mgonjwa anaoga mwenyewe au anaogeshwa.

Hatusemi kwamba chanjo hiyo haina faida. Upotofu, yaani kasoro ya utafiti inayopindisha matokeo, huweza pia kuishusha chanjo nzuri. Chukua hesabu ya kubuni: kati ya watu 10,000 wa kila upande, ugonjwa unawapata 100 wasiochanjwa na 20 waliochanjwa, yaani ufanisi wa asilimia 80. Sasa mtafiti asipime maabara, ahesabu kila mwenye homa na kikohozi. Magonjwa mengine yakiongeza watu 100 kila upande, atapata 200 dhidi ya 120, na ufanisi utaonekana asilimia 40. Chanjo ni ile ile. Kilichoharibika ni kipimo.

Kosa la kuhesabu siku ndilo hupita bila kuonekana. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa majaribio Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, ina dozi nne, na ya nne huja miezi mingi baada ya ya tatu. Ukilinganisha tu waliopata nne na waliopata tatu, umewapendelea wa nne: ili kuipata, mtoto alipaswa kuwa hai siku hiyo, na waliofariki kabla wamebaki kundi la tatu. Dawa yake ni kugawa siku za mtoto mmoja. Hadi siku ya dozi ya nne zihesabiwe kwenye kundi la dozi tatu, baada ya hapo zihamie la nne.

Kipo chombo cha kupimia upotofu katika tafiti zisizogawa watu kwa bahati nasibu, ROBINS-I, kilichochapishwa mwaka 2016. Kina maeneo saba ya kukagua, kuanzia tofauti za awali kati ya makundi hadi matokeo yaliyochaguliwa kuripotiwa. Tatizo ni wanaokitumia kama mtihani wa shule, wakijumlisha alama. Hukumu ya jumla haiwezi kuwa nafuu kuliko eneo lililo baya zaidi, hata sita mengine yakiwa safi.

Kwa hiyo, pamoja na asilimia, chapeni mambo matatu: ugonjwa ulithibitishwaje, hali ya chanjo ilitoka kwenye kadi ya kliniki au kumbukumbu ya mzazi, na siku zilianza kuhesabiwa lini. Mtafiti akishindwa kuyajibu, habari isubiri.

Wasomaji wenu wa fani ya epidemiolojia,
Dar es Salaam