Nishati imepanda bei: je, matumizi yameongezeka au yamepungua?

Jedwali la pembejeo na mazao, yaani linaloonyesha kila sekta inanunua nini kwa nani na inatoa nini, huandikwa kwa pesa, si kwa tani wala lita. Hapo ndipo hesabu nyingi za athari za bei huharibikia.

Chukua sekta inayotoa bidhaa za thamani ya 100: nishati 20, malighafi nyingine 50, na 30 ni mishahara, faida na kodi. Nishati inapanda bei kwa asilimia 30, bei nyingine zimetulia. Kwa mtindo wa mchumi Leontief, kila pembejeo hutumika kwa uwiano uleule, bei iwe iwavyo. Nishati inakuwa 26, jumla 106, na bidhaa inapanda kwa asilimia 6. Jibu hilo linafaa kwa majuma ya mwanzo, kabla mtu hajabadilisha tanuri wala kuziba nyufa zinazovujisha joto.

Baadaye watumiaji hujibana, na kiasi cha kujibana hupimwa kwa unyumbufu wa ubadilishanaji, yaani wepesi wa kuacha pembejeo iliyopanda bei na kutumia nyingine badala yake. Ukiwa sifuri, uwiano haubadiliki kabisa. Ukiwa 1, fungu la nishati katika gharama linabaki palepale. Tuweke 0.4. Bei ya zamani ya bidhaa ikiwa 1, mpya sasa ni 1.0575, si 1.06, kwa sababu sehemu ya nishati imebadilishwa na pembejeo nyingine. Igawe kwa 1.30 upate 0.813, kisha ipandishe kwa kipeo cha 0.4 upate 0.921. Nishati, kwa bei za zamani, imeshuka kutoka 20 hadi 18.4. Kwa bei mpya inagharimu 23.9. Pembejeo nyingine, pamoja na nguvukazi, zimepanda kutoka 80 hadi 81.8 kuziba pengo. Jumlisha: 105.7 na ushei, sawa na ile bei ya 1.0575. Zisipolingana, usiendelee, kuna mahali umekosea.

Sasa tazama mgawo wa nishati: 23.9 kwa 105.75 ni asilimia 22.6. Ulikuwa 20. Asiyeondoa kwanza athari ya bei ataandika kwamba sekta inatumia nishati zaidi, ilhali mita inaonyesha pungufu ya asilimia 8.

Kwa uchumi mzima kazi haiishii hapo, maana bidhaa iliyopanda ni pembejeo ya sekta nyingine, pengine hata ya wazalishaji wa nishati wenyewe. Tunakokotoa bei, tunarekebisha migawo, tunakokotoa bei tena, mpaka tofauti kati ya mizunguko miwili ishuke chini ya 0.0001.

Ukituletea sisi wachambuzi kazi ya namna hii, jedwali liwe la bei za msingi, yaani anazopokea mzalishaji, huku kodi, usafirishaji na faida ya wafanyabiashara zikiwa zimetengwa. Ikiwa bei ya msingi ni asilimia 70 ya anacholipa mnunuzi, na hayo mengine hayakusogea, kupanda kwa asilimia 30 kiwandani kunamfikia kama asilimia 21 tu, na ni hiyo 21 inayombadilisha tabia. Bidhaa za kuagizwa nje nazo zitengwe. Unyumbufu ulingane na muda wa swali: wa miaka kumi haujibu swali la miezi sita. Kutumia unyumbufu mmoja kwa pembejeo zote, kwa kweli, ni uvivu. Umeme hushindana na gesi, haushindani na unga.

Mauzo nayo yakishuka kwa asilimia 5 kwa sababu ya bei, zidisha 0.921 kwa 0.95: nishati yote inabaki 0.875 ya ile ya awali. Katika ripoti tunaandika 0.921 na 0.95 katika safu tofauti.