Halmashauri ikikataa leseni, iandike sababu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madiwani wetu kuhusu leseni za biashara.

Nina stesheneri karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Nilianza na kopi na picha za paspoti, lakini siku hizi muda mwingi nakaa kwenye kompyuta nikiwajazia watu maombi ya leseni katika Tausi, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Anakuja fundi cherehani, anakuja muuza nafaka, kijana wa vipuri vya bodaboda, mama anayetaka kufungua mgahawa. Wengi hawana kompyuta, na wenye simu kubwa wanaogopa kukosea. Wanatoka mjini hapa na wilaya za jirani, hivyo ninayoyasema si ya halmashauri moja, na sitaitaja yoyote.

Kwanza niseme haki ya mfumo wenyewe. Leseni za kundi B, ambazo hutolewa na halmashauri (zile za kundi A ziko BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara), zamani zilikuwa kazi ya kushinda kwenye benchi na faili mkononi. Sasa namba ya malipo inaingia kwenye simu, mtu analipa, leseni naichapa mimi hapa mezani. Hakuna anayeshika fedha taslimu. Anayetaka turudi kwenye mafaili simuungi mkono.

Lakini mfumo unapokea tu. Anayeamua bado ni mtu, na pale anapoamua ndipo sisi tunaachwa gizani.

Kuna mama mmoja, mtu mzima, alichukua fremu ili auze mtori na supu asubuhi, na mchana wali na ndizi. Alikuja na kila kitu kwenye bahasha ya kaki: namba ya NIDA, TIN, cheti cha TRA cha kuonyesha hadaiwi kodi, mkataba wa pango, na karatasi ya afisa afya aliyekwenda kukagua jiko, choo na maji. Tukapandisha vyote. Ombi likarudi na maneno mawili: "Rekebisha viambatisho."

Akaniuliza, "Mwanangu, kipi?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua kimoja kimoja, nikadhani mkataba umefifia, nikauskani upya kwa rangi. Likarudi tena na maneno yaleyale. Tukabadilisha ukubwa wa faili, tukapandisha TIN upya, na wakati wote huo kodi ya fremu ilikuwa inakwenda, maana alishalipa miezi sita mbele kama wanavyotaka wenye nyumba. Sufuria zake kubwa zilikuwa zimepangwa juu ya meza zilizofunikwa nailoni, na binti aliyemwajiri alishaanza kutafuta kazi kwingine. Mwishowe mama akaenda ofisini mwenyewe, na akiwa amesimama kwenye korido ndipo alipoambiwa: jina la aliyesaini mkataba si la mwenye jengo. Mwenye jengo alifariki, mtoto wake ndiye anayekusanya kodi, na barua ya usimamizi wa mirathi haikuambatanishwa. Mtoto mwenyewe barua hiyo alikuwa nayo. Aliitoa siku ileile, na leseni ikatoka.

Afisa alikuwa sahihi kabisa. Angeandika "mkataba umesainiwa na asiye mmiliki, ambatanisha barua ya mirathi", yule mama angekuwa jikoni wiki nyingi kabla. Na halmashauri ingekuwa imepata ada yake mapema.

Mkataba wa pango, kwa kweli, ndio unaoangusha watu wengi. Mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA, na mkataba wenyewe una ushuru wa stempu wa asilimia 1. Wenye fremu wengi hawataki kuyasikia hayo. Utaambiwa, "Mimi nataka hela yangu kamili, hiyo asilimia 10 utajua mwenyewe." Mwingine anakataa kuandikiana, au anaandika kodi ndogo kuliko anayopokea. Mfanyabiashara mdogo anafika kwangu na kipande cha daftari kilichosainiwa na mashahidi wawili, anaamini ni mkataba. Huyu anahitaji kuambiwa wazi kasoro iko wapi, kwa sababu mwenye fremu hatamwambia.

Zipo pia leseni ambazo zinastahili kukataliwa, na napenda halmashauri isilegee hapo. Ninakoishi kuna kijana aliomba kufungua sehemu ya kuchomelea mageti kwenye uwanja wa nyumba ya familia, ukuta kwa ukuta na mama mwenye mtoto mchanga. Cheche, kelele za grainda, rangi ya kupuliza. Majirani tulilalamika kwa mwenyekiti wa mtaa na ombi halikupita. Sawa. Ila yule kijana alichoambiwa ni "eneo halifai", kwa mdomo. Hakuonyeshwa ramani ya matumizi ya ardhi, hakuambiwa mtaa gani unafaa. Baada ya muda akaona mwenzake anachomelea nyumba chache mbele, na leseni imetundikwa ukutani. Labda kiwanja kile ni cha makazi na biashara, labda mwenzake alitangulia kabla mpango haujabadilishwa. Kijana hajui, na mimi sijui. Tangu siku hiyo neno lake ni moja tu: "Mwenzangu alimwona mtu."

Hapo ndipo ninapoumia. Mara nyingine mtu kweli ameombwa kitu kidogo, na huyo anayeomba ashughulikiwe na TAKUKURU. Lakini mara nyingi nimeona afisa ambaye hakupokea hata soda akitajwa vibaya mtaa mzima kwa sababu tu hakuandika sentensi moja. Kukaa kimya kunamchafua yeye kwanza.

Kuandika sababu kunawezekana. Julai 2025 Serikali ilitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, ikataja biashara 15 ambazo asiye raia hatapewa leseni wala kuhuishiwa: rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii na nyinginezo. Mtu anaweza kuipenda au kuichukia, lakini anajua kabla hajalipa kodi ya fremu kama yumo au hayumo. Mzawa anayetaka kuuza mtori naye anastahili kujua hivyo hivyo.

Wala si hisani. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine. Nitakata rufaa dhidi ya "Rekebisha viambatisho" kwa hoja gani?

Najua maafisa biashara ni wachache na kata ni nyingi. Najua afisa afya mara nyingine hufika kukagua kwa bodaboda aliyolipiwa na mwombaji, jambo ambalo halmashauri inapaswa kulikomesha kwa kumpa nauli, maana mkaguzi hawezi kubebwa na anayekaguliwa. Lakini kutaja kiambatisho chenye kasoro ni kazi ya dakika moja kwa mtu ambaye tayari amekifungua na kukisoma.

Waheshimiwa madiwani, kila robo mwaka mnapokaa kwenye baraza mnaletewa taarifa ya mapato, na leseni zimo kama fedha iliyokusanywa. Daini safu nyingine kwenye taarifa hiyo: maombi mangapi yalipokelewa, mangapi yalirudishwa, mangapi yalikataliwa, kwa sababu zipi, na yalikaa muda gani mezani. Na ramani ya mitaa inayoruhusiwa gereji, mashine za kusaga na kuchomelea ibandikwe kwenye ubao wa kila ofisi ya kata. Wakihitaji kopi, nitawatolea bure.

Mwenye stesheneri,
Mbuyuni, Moshi.